Faili zote zimefika, mashine haiwaki: namna ya kuhamisha mfumo endeshi kwenda diski nyingine

Unaweza kuijaza SSD mpya faili za Windows pomoni, kila folda mahali pake, ukubwa ukilingana hadi baiti ya mwisho, na bado ukiwasha mashine ukaambiwa hakuna diski ya kuwashia. Programu ya kusawazisha, yaani ile inayofananisha faili za folda mbili (sync), haijakudanganya. Umeiomba inakili faili, imenakili faili. Lakini kompyuta inapoanza kubuti, yaani kuwaka na kupakia mfumo, haianzi na faili. Inatafuta kwanza vitu ambavyo vingi havionekani ndani ya folda yoyote.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu, na ombi hili halichoki kurudi. Mtu ana programu ya kusawazisha aliyoizoea, iwe FreeFileSync, robocopy au rsync. Imemtunzia nyaraka na picha miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo haoni ajabu kuielekeza kwenye C: na kuiacha ifanye kazi usiku kucha. Mimi mwenyewe nazitumia programu hizo kila siku na sina ugomvi nazo. Ninachosema ni kwamba mfumo unaobuti ni faili pamoja na anwani, vitambulisho na ruhusa, na programu ya kusawazisha hubeba kwa uhakika fungu la kwanza tu. Ukishalijua hilo unabaki na njia mbili: utumie chombo kinachobeba vyote kwa mkupuo, au ubebe faili kisha yaliyobaki uyajenge kwa mkono.

Kinachosomwa kabla ya faili

Kwenye mashine ya BIOS ya zamani, fimwea (programu ndogo ya madabodi inayoamsha kompyuta) husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 basi. Ndani yake baiti 446 ni msimbo wa kuwashia, 64 ni jedwali la patisheni (sehemu diski ilizogawanywa) nne, na mbili za mwisho, 55 na AA, ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo inafaa kubuti. Sekta hiyo haina jina, haina folda, haina tarehe ya kubadilishwa. Programu ya kusawazisha huuliza mfumo endeshi ni faili gani zimo kwenye C:, na sekta hiyo haitatajwa kamwe kwa sababu haimo kwenye C:. GRUB nayo, programu ya kuwashia Linux, kwenye diski ya mtindo huo, huweka kipande chake kikubwa katika uwazi ulio kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa patisheni ya kwanza, ambayo siku hizi kwa kawaida huanzia sekta ya 2048. Hapo pia programu ya faili haina njia ya kufika.

Hapo ndipo huambiwa, "Lakini mashine yangu ni ya UEFI, mrithi wa BIOS, na UEFI inabuti kutoka kwenye faili." Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. UEFI husoma patisheni ndogo ya FAT32 iitwayo EFI, mara nyingi ya MB 100 au 260, ambayo Windows huificha na kuinyima herufi. Ukisawazisha C: hujaigusa. Na hata ukiipa herufi na kunakili vilivyomo, bado kuna mambo matatu. Kwanza, patisheni hiyo inatambulika kwa aina yake iliyoandikwa kwenye jedwali la GPT (mtindo mpya wa jedwali la patisheni), na jedwali hilo si faili. Pili, orodha ya mifumo ya kubuti huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya madabodi yenyewe, ikitaja kitambulisho cha patisheni ya zamani. Tatu, faili iitwayo BCD, iliyoko \EFI\Microsoft\Boot, huieleza Windows iliko kwa kitambulisho cha diski na cha patisheni, herufi C haihusiki. Diski mpya uliyoifomati mwenyewe ina vitambulisho vipya. BCD iliyonakiliwa kwa uaminifu mkubwa itaendelea kuelekeza kwenye diski uliyoing'oa, nawe utapokea skrini ya buluu yenye msimbo 0xc000000e.

Kwenye Linux jambo hilo unaweza kuliona kwa macho:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID,PARTUUID
efibootmgr -v
cat /etc/fstab

Linganisha UUID (vitambulisho vya patisheni) zilizomo kwenye fstab, faili inayoiambia Linux ipachike patisheni zipi, na zile za diski mpya. Hazifanani, na hazitafanana kwa sababu tu umenakili faili. Faili ya fstab imenakiliwa sawasawa, na usawasawa huo ndio unaokwamisha mashine.

Wapo wanaoapa kwamba kwao ilifanya kazi, nami siwabishii. Ukiwadadisi utakuta diski waliyonakilia ilikuwa tayari na Windows ya zamani juu yake, au walikuwa wanarudisha faili kwenye patisheni ileile zilikotoka. Sekta ya kuwashia ilikuwepo, vitambulisho vilikuwepo, BCD ilikuwa inaelekeza mahali sahihi. Faili zikaingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Njia inayofaulu pale tu diski inapokuwa na kila kitu tayari siwezi kumshauri mtu aitegemee siku diski yake inapokufa.

Mfumo ulio macho haunakiliki vizuri

Sasa chukulia umetatua yote hayo. Bado unanakili mfumo huku wenyewe ukiwa kazini.

Rejistri ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake yote, ni faili chache kubwa ndani ya C:\Windows\System32\config: SYSTEM, SOFTWARE, SAM na wenzake. Windows inapokuwa inafanya kazi, faili hizo imezishikilia na hairuhusu mwingine kuzifungua. Programu ya kusawazisha itagonga mwamba, itaandika kosa kwenye ripoti yake na kusonga mbele. Ripoti inaweza kuonyesha asilimia 99.9 imefanikiwa, na hicho kidogo kilichokosekana ndicho Windows isichoweza kuishi bila. Ndiyo maana huwa sisomi asilimia. Nasoma orodha ya zilizorukwa.

Programu nyingine hutumia huduma ya Windows ya kupiga picha ya diski nzima kwa sekunde moja, VSS, na kusoma kutoka kwenye picha hiyo. Ni nafuu kubwa. Zisizotumia VSS hutembea kutoka folda hadi folda kwa saa nzima au zaidi, na katika muda huo Windows inasasisha, inaandika kumbukumbu, inabadilisha rejistri. Mwisho wa safari unakuwa na faili ya saa mbili kasoro imekaa pamoja na mwenzake wa saa tatu na dakika kumi, na hizo mbili hazijawahi kuwepo pamoja kwenye mashine yoyote. Kwa picha za harusi haina neno. Kwa hifadhidata iliyoko /var/lib/mysql, au kwa rejistri, unaweza kuwa umejitengenezea kitu kibovu kinachoonekana kizima.

Zipo pia faili zisizofaa kubebwa kabisa: pagefile.sys, swapfile.sys na hiberfil.sys. Zinakula nafasi bure na Windows hujitengenezea mpya.

Ruhusa, hadilinki na vitanzi

Sehemu hii ndiyo huwapiga chenga hata wazoefu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Sehemu kubwa ya faili unazoziona ndani ya System32 si nakala zenyewe. Ni hadilinki: jina la pili la faili ileile iliyoko kwenye folda ya WinSxS. Data ni moja, majina ni mawili. Robocopy haihifadhi uhusiano huo. Huandika faili mbili tofauti. Diski mpya inajaa kuliko ya zamani, na masasisho ya Windows yanayotegemea uhusiano huo hukuta mambo shaghalabaghala.

Kisha kuna makutano, yaani folda zinazoelekeza kwingine. C:\Documents and Settings ni kivuli cha C:\Users. Mbaya zaidi ni ile iliyo ndani ya AppData\Local iitwayo Application Data, ambayo inaelekeza kwenye AppData\Local yenyewe. Kwa kawaida ruhusa huzuia mtu kuingia humo, lakini programu iliyopewa uwezo wa bekapu hupita juu ya ruhusa. Robocopy ukiitumia na /B (uwezo huo wa bekapu) bila /XJ (kuruka makutano) itaingia, itajikuta ilipotoka, itaingia tena, na njia itarefuka mpaka ishindikane. Nimewahi kuonyeshwa folda ya aina hiyo ambayo mwenyewe alishindwa hata kuifuta.

Ruhusa zenyewe ni habari nyingine. Faili nyingi za Windows zinamilikiwa na TrustedInstaller, akaunti ya ndani ya Windows, si na msimamizi. Kwenye Linux, sudo, amri ya kukupa mamlaka ya msimamizi, hugoma kufanya kazi isipomilikiwa na root (msimamizi mkuu) na isipokuwa na alama ya setuid, inayoiruhusu kutumia mamlaka ya mmiliki wake. Ukinakili bila kuwa root, mmiliki anabadilika kuwa wewe, na ukija kubuti huwezi hata kujirekebishia kwa sababu sudo ndiyo hiyo iliyokufa. Na ukipitishia mfumo wa Linux kwenye flashi ya exFAT, umiliki, simlinki na alama zote zimekwenda arijojo. Hakuna amri ya kuzirudisha kutoka humo.

Kwa rsync, watu huamini herufi -a inamaanisha kila kitu. Sivyo. Haijumuishi hadilinki (H), orodha za ruhusa za ziada (A) wala sifa za ziada za faili (X), na humo kwenye sifa za ziada ndimo baadhi ya programu huhifadhiwa uwezo wao maalumu. Herufi hizo tatu uziandike mwenyewe.

Kuhusu Mac nitasema kidogo tu. Tangu Big Sur ya mwaka 2020, sehemu ya mfumo imefungwa kwa muhuri wa kriptografia, na kunakili faili hakuwezi kuutengeneza muhuri huo. Sakinisha macOS upya kwenye diski mpya, kisha vuta data zako kwa Migration Assistant. Usipoteze jioni nzima ukishindana nayo.

Njia ya kwanza: nakili diski, achana na faili

Kama diski mpya inalingana na ya zamani au ni kubwa zaidi, hii ndiyo njia yangu kwa Windows na hata kwa Linux. Natumia Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye flashi. Inanakili jedwali la patisheni, sekta za kuwashia, patisheni zilizofichwa na vitambulisho vyote, na kwa kuwa inafahamu NTFS na ext4 (mifumo ya faili ya Windows na Linux) hairudii sehemu tupu za diski.

Kabla ya kuanza, data muhimu iwe na bekapu kwenye diski ya tatu, isiyo ya zamani wala mpya. Hapa programu ya kusawazisha inafaa sana. Kama kuna BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48 nje ya kompyuta hiyo, kisha simamisha ulinzi (ukimaliza kila kitu uurudishe kwa -enable badala ya -disable):

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Zima uwashaji wa haraka (Fast Startup), maana unaiacha NTFS kama mtu aliyelala usingizi wa mang'amung'amu, si diski iliyofungwa. Kagua diski pia, halafu zima kabisa:

powercfg /h off
chkdsk C: /f
shutdown /r /t 0
shutdown /s /t 0

Amri ya kwanza na ya pili zinahitaji dirisha la msimamizi. Chkdsk itakuomba ifanye kazi mashine ikiwaka upya. Kubali, washa upya kwa amri ya tatu, iache imalize, ndipo uzime kwa ya nne.

Buti kutoka kwenye flashi ya Clonezilla, chagua kunakili kifaa hadi kifaa, kisha diski nzima hadi diski. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo. Zitambue diski kwa ukubwa na modeli, usitegemee sda na sdb, kwa sababu mpangilio huo hubadilika kulingana na ipi ilichomekwa wapi. Mimi huandika kwenye karatasi modeli ya chanzo na modeli ya lengo kabla sijawasha chochote, na skrini ikiuliza mara ya mwisho ninasoma kutoka kwenye karatasi.

Ikimaliza, zima na chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Hili si la hiari. Diski mbili zenye vitambulisho vilevile ndani ya mashine moja huichanganya Windows, ambayo huiweka mojawapo offline, yaani huizuia isitumike, na huichanganya Linux, ambayo inaweza kupachika patisheni ya diski usiyoitaka bila kukuambia. XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, yenyewe hukataa kupachika ya pili, na mimi naipenda kwa ukali huo.

Tahadhari moja kuhusu visanduku vya USB vya kuwekea diski. Baadhi yao huitangaza diski kuwa na sekta za baiti 4096 ilhali ukiichomeka moja kwa moja kwenye madabodi inasema 512. Jedwali la patisheni huhesabu kwa sekta, kwa hiyo kloni (nakala ya diski nzima) iliyotengenezwa kupitia kisanduku hicho haisomeki ukiihamishia ndani. Angalia safu ya LOG-SEC:

lsblk -o NAME,MODEL,LOG-SEC

Kama namba hazifanani, chomeka diski zote mbili moja kwa moja.

Njia ya pili: diski mpya ni ndogo, mfumo ni Windows

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia programu ya kusawazisha, na ninawaelewa. Diski ya zamani ni ya GB 500, SSD ni ya GB 240, data zenyewe ni GB 90. Kwa nini kunakili utupu? Jibu ni kutumia chombo kinachonakili faili lakini kinachojua kwamba kinanakili Windows. DISM, chombo cha Windows yenyewe, hufanya hivyo: inahifadhi hadilinki, ruhusa na makutano, na inaziacha pagefile.sys na hiberfil.sys bila kuambiwa.

Ukiwa bado ndani ya Windows ya zamani, kama msimamizi:

reagentc /disable

Amri hii huyarudisha mazingira ya kujiokoa ya Windows (Windows RE) ndani ya C:, ili yasibaki kwenye patisheni usiyoihamisha. Zima, buti kutoka kwenye flashi ya kusakinishia Windows, na skrini ya kwanza ikitokea bonyeza Shift na F10. Dirisha jeusi litafunguka. Andika diskpart, halafu list disk, na uangalie ukubwa kwa makini kabla ya kuandika clean, kwa sababu clean haiulizi mara mbili:

select disk 1
clean
convert gpt
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
create partition msr size=16
create partition primary
format quick fs=ntfs
assign letter=W
exit

Namba ya diski na herufi kwako zinaweza kuwa tofauti. Ndani ya mazingira haya hata C: huenda isiwe C: uliyoizoea, kwa hiyo tumia dir uone Windows iko wapi. Kisha, ukiwa na diski ya tatu yenye nafasi, tuseme ni E:

dism /Capture-Image /ImageFile:E:\mfumo.wim /CaptureDir:C:\ /Name:Mfumo
dism /Apply-Image /ImageFile:E:\mfumo.wim /Index:1 /ApplyDir:W:\
W:\Windows\System32\bcdboot W:\Windows /s S: /f UEFI

Mstari wa tatu ndio ambao hakuna programu ya kusawazisha inayoufanya. Bcdboot huweka faili za kuwashia kwenye patisheni ya EFI, huandika BCD mpya yenye vitambulisho vya diski mpya, na huiarifu madabodi. Sekunde chache tu, lakini bila hizo saa mbili za kunakili ni kazi bure.

Kuna jambo moja zaidi ninalolifanya kabla ya kuwasha, ambalo maelekezo mengi hulisahau. Rejistri iliyonakiliwa bado inakumbuka kwamba C: ni patisheni ya diski ya zamani. Windows inaweza kuamka na kujipa herufi nyingine, na hapo utaingia na kukuta eneo-kazi tupu lisilofunguka. Ifute kumbukumbu hiyo. Windows itaiandika upya yenyewe:

reg load HKLM\KALE W:\Windows\System32\config\SYSTEM
reg delete HKLM\KALE\MountedDevices /va /f
reg unload HKLM\KALE

Zima, chomoa diski ya zamani, washa. Ukishaingia, andika reagentc /enable na umemaliza.

Njia ya tatu: Linux kwa rsync, kwa macho mawili

Nitaonekana najipinga, lakini mashine zangu za Linux nazihamisha kwa rsync. Linux haifichi mambo yake: kila kitambulisho kimeandikwa kwenye faili ya maandishi au kinaweza kutengenezwa upya kwa amri moja. Ila fahamu kwamba rsync ni nusu ya kazi.

Buti kutoka kwenye flashi, usinakili mfumo unaotembea. Tengeneza patisheni ya EFI na ya mzizi kwenye diski mpya, pachika ya zamani kwenye /mnt/zamani kwa kusoma tu, na mpya kwenye /mnt/mpya. Kama /home au /boot zina patisheni zake, zipachike pia ndani ya /mnt/zamani, la sivyo utanakili folda tupu. Kisha, kama root:

rsync -aAXHS --numeric-ids /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Mkwaju (/) ulio mwishoni mwa zamani/ uwepo. Ukiuacha utapata folda ya zamani ndani ya mpya. Hiyo --numeric-ids inazuia rsync kutafsiri wamiliki kwa majina ya watumiaji wa flashi badala ya mfumo wako.

Andika blkid, chukua UUID mpya, na uziweke kwenye /mnt/mpya/etc/fstab. Kwenye Debian na jamaa zake angalia pia /etc/initramfs-tools/conf.d/resume: kama inataja patisheni ya swap ya zamani, mashine itabuti lakini itasimama kwanza ikiisubiri, nawe utadhani SSD ni mbovu. Baada ya hapo:

mount /dev/sdX1 /mnt/mpya/boot/efi
mount --rbind /dev /mnt/mpya/dev
mount --rbind /proc /mnt/mpya/proc
mount --rbind /sys /mnt/mpya/sys
chroot /mnt/mpya
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-initramfs -u -k all
update-grub

Badala ya sdX1 weka patisheni yako ya EFI. Amri mbili za mwisho ni za Debian na jamaa zake. Kwenye mfumo wenye SELinux (ulinzi wa ziada unaoziwekea faili lebo) ongeza touch /.autorelabel kabla ya kutoka, na uwe na subira siku ya kwanza ya kuwasha.

Usawazishaji wa kila siku baada ya hapo

Swali la mwisho huwa: je, nikishakuwa na kloni inayobuti, niiweke kando na kuisawazisha kila wiki ili iwe tayari siku ya dharura? Kwa folda ya nyumbani, ndiyo. Kwa Windows nzima, hapana. Sasisho moja hugusa WinSxS, rejistri, BCD na patisheni ya EFI kwa pamoja, na programu ya kusawazisha itabeba baadhi na kuruka zilizoshikiliwa. Wiki chache zikipita, kloni yako nzuri imekuwa mchanganyiko wa matoleo. Tena usawazishaji wa kioo hufuta kule kilichofutwa huku. Ukiingiliwa na kirusi kinachofunga faili, nacho kitasawazishwa bila ubaguzi. Mimi huchukua imeji mpya ya mfumo, yaani nakala yake nzima iliyohifadhiwa kama faili, baada ya mabadiliko makubwa, na kati ya imeji na imeji nasawazisha data peke yake.

Njia yoyote utakayoitumia, jaribu kubuti diski ya zamani ikiwa imechomolewa. Ikiwa bado imo, huenda inayobuti ni yenyewe, ama patisheni yake ya EFI ndiyo inayoiamsha Windows iliyo kwenye SSD, na hutajua mpaka siku utakapoiondoa.

Iache diski ya zamani kama ilivyo mpaka utakaporidhika na mpya. Siku ukitaka kuirudisha ndani kama ghala la data, na ulikuwa umekloni, ibadilishe vitambulisho ikiwa peke yake, kutoka kwenye flashi ya Linux: sgdisk -G kwa jedwali la GPT, na tune2fs -U random kwa kila patisheni ya ext4.